Shemeji Joakim Anakula Polepole

Mimi ni mtu wa haraka, na niseme mapema asije mtu akashangaa mbele. Nakula haraka, nasahihisha madaftari haraka, nagombana haraka na kupatana haraka. Ndiyo maana mume wa dada yangu, Joakim Ndunguru, nusura anitie wazimu mwaka huu. Mtu mzima, anatafuna kipande cha yai huku midomo inahesabu. Mara ishirini na tano kila kipande. Akishameza anatulia, anaangalia nje dirishani, ndipo anachukua kingine.

"Shemeji," nilimwambia siku moja, "yai hilo unalitafuna au unalifundisha katekisimu?"

Hakunijibu mpaka alipomeza. Hiyo nayo ni kanuni yake, haongei na chakula mdomoni.

Zamani hakuwa hivyo. Miaka kumi na tisa amekuwa mpimaji wa kahawa kwenye ghala la AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima, hapa Mbinga, na wakulima walikuwa wakitania kwamba ghala letu lina mizani mbili, moja ya chuma na nyingine Joakim. Alicheka nao, kwa sababu kwetu mwanamume mnene ni mwanamume aliyefanikiwa. Dada yangu Luisa alimpakulia ugali kwenye sinia la watu wanne na akaona fahari. Kisha sukari ikampanda, miguu ikavimba, kamba za viatu akawa anafungiwa. Kwenye zahanati moja walimpandisha mizani, mshale ukaenda ukagota mwisho. Muuguzi akacheka kidogo. Joakim akashuka, na Jumapili baada ya misa akaenda ghalani peke yake akajipima kwenye mizani ya kahawa. Kilo mia moja hamsini na moja.

"Gunia mbili na nusu," aliniambia baadaye. Kwake kila kitu ni gunia za kilo sitini.

Angeweza kuishi na aibu ile. Kilichomtisha ni Placidi. Placidi alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, naye alinenepa hivyo hivyo, akaugua sukari hivyo hivyo, mwishoni akakonda akawa mifupa mitupu, akafa akiwa na miaka arobaini na nne. Aliacha mtoto mmoja, Victor, darasa la tatu. Joakim akamchukua na kumlea, na leo Victor ni fundi wa malori ya makaa ya mawe kule mgodini Ngaka. Nikisema Joakim ni baba mkubwa wa Victor ninaeleza ukoo tu. Baba anayemjua mtoto yule ni huyo.

Basi Eliza, binti wa Joakim ambaye ni muuguzi Dar es Salaam, akamhangaikia mpaka akafanyiwa upasuaji. Walikata tumbo lake la chakula wakaacha sehemu ndogo, ukubwa wa ndizi moja. Alirudi Mbinga mwezi wa pili, ana makovu matano madogo tumboni na orodha ya masharti mkononi. Mimi nilidhani kazi imekwisha, mtu amekatwa, sasa atapungua mwenyewe. Eliza alinikalisha chini kwa simu. "Mama mdogo, madaktari wamempa mwanzo tu. Kilichobaki ni anavyoishi kila siku, na hilo ni la maisha."

Na Joakim akaishika kazi hiyo kama anavyoshika mizani. Saa kumi na mbili asubuhi ameshaamka, anakunywa maji kwa funda ndogo ndogo kutoka kwenye chupa anayotembea nayo kutwa. Maji na chakula havikutani. Nusu saa kabla ya kula anaiweka chupa pembeni, na baada ya kula anasubiri nusu saa nyingine ndipo anaigusa. Anakula kwenye kisosi cha chai. Kinachoingia kwanza ni kile cha kujenga mwili, yai, maharage, usipa wa kuchoma, yaani dagaa wetu wa ziwani, maziwa yasiyo na sukari. Baadaye mboga. Ugali ukipata nafasi unakuja mwisho, tonge moja dogo, na mara nyingi haupati. Vidonge vyake vya vitamini anavimeza kila siku na atavimeza hadi anazikwa, kwa sababu tumbo dogo halichukui vya kutosha. Soda, chai ya sukari, togwa tamu, ameviaga. Kazini anakwenda kwa miguu, anapandisha kilima cha mashamba ya ngolo, yale ya mashimo yanayozuia maji, na kuteremka upande wa pili, dakika arobaini, mvua au jua. Mwanzoni alikuwa akikaa njiani mara nne. Mwezi wa nne alikaa mara moja. Mwezi wa sita nilimwona anapita shuleni kwetu akipiga mluzi, na mimi, pamoja na maneno yangu yote, machozi yalinilenga.

Anajipima mara moja kwa wiki, Jumamosi, kwenye mizani ile ile. Kuna wiki namba haikushuka hata kidogo. Alinuna siku nzima, lakini jioni alikula kisosi chake kile kile na kesho yake akatembea.

Kosa lake lilikuwa moja. Hakutaka watu wajue. "Mwalimu," aliniambia, "watasema Joakim amekatwa tumbo kwa ulafi. Nitapimaje kahawa ya watu na maneno hayo?" Basi tukajua sisi watatu tu, dada Luisa, Eliza na mimi. Victor mwenyewe aliambiwa kwamba baba mkubwa ametibiwa sukari Dar. Na mtu akipungua kilo arobaini bila maelezo, majirani hawakosi maelezo yao. Wengine walitaja ugonjwa ule. Wengine walisema amerogwa kwa ajili ya kazi. Joakim aliyasikia yote, akanyamaza. Kiburi kile kilinikera, lakini nilikielewa. Mtu anayechekwa kwa unene hataki achekwe tena kwa kuuondoa.

Mambo yalifika pabaya mwezi wa saba, Victor alipotaka kuoa.

Msichana anaitwa Glorious, wa Lituhi kule ziwani, baba yake ni Mzee Hamphrey, mvuvi na mzee wa kanisa la Kianglikana. Mshenga wetu, Mzee Urbani, alikuwa amekwisha kupeleka barua. Wazazi wakasema wamwone baba wa kijana. Dada yangu haziwezi kona za kuteremkia ziwani, gari likipinda mara mbili tu kichwa chake kinazunguka, kwa hiyo nikaenda mimi kwa niaba yake. Tulikodi gari, Noah, tukapitia Kitai, tukala vumbi la malori ya makaa, tukafika Lituhi saa sita.

Walitupokea vizuri mno. Mama Glorious, jina lake Ottilia, alikuwa jikoni tangu alfajiri. Sinia likaja na ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, magege wa kuchemsha, mbasa wa kuchoma wanaong'aa mafuta. Tukaomba, tukanawa, tukaanza. Shemeji yangu akamega samaki, akatafuna. Akamega tena. Tonge moja dogo la ugali. La pili dogo zaidi. Kisha nikaona anapiga kwikwi na pua inamchuruzika, dalili yake kwamba pameshajaa. Akavuta bakuli la maji akanawa.

Sasa kwa malezi yetu, mkubwa wa msafara akinawa, wenzake wote wananawa. Mzee Urbani alikuwa na tonge mkononi. Alilitazama kwa huzuni, akalirudisha. Nami nikanawa, njaa inaniuma. Sinia likabaki vile vile, mbasa wawili hawajaguswa. Mama Ottilia alilichukua uso umemshuka.

Wiki tatu zikapita bila jibu. Ndipo Victor akaja kwangu kutoka Ngaka, makaa bado kwenye kucha, akakaa sebuleni akalia. Sijamwona akilia tangu msiba wa baba yake. Glorious alikuwa amempigia simu. Mama yake amesema, chakula kisipoliwa yeye anasamehe. Ila yule mzee ana ugonjwa. Ameuliza watu, amesikia baba mzazi wa kijana naye alikonda hivyo hivyo akafa. Wanaume wa nyumba ile wanaisha mapema, na yeye hatamtoa mwanawe akawe mjane.

Niliondoka na hasira zangu mpaka ghalani. "Waambie ukweli, shemeji! Unaona kijana anavyopotea?"

Joakim aliweka kalamu chini. "Nitakwenda tena. Nitazungumza nao."

"Utawaambia?"

"Nitazungumza nao," akarudia, na nikajua hatawaambia.

Hapa ndipo ninapoona aibu kuandika, lakini nitaandika. Mwezi wa tisa, tukiwa ndani ya gari kwenda Lituhi mara ya pili, tunaiacha Kitai, mimi Getrude, mwalimu mwenye miaka ishirini na mbili kazini, niliyeyasoma masharti yake yote kwa macho yangu, nilimnong'oneza hivi: "Kama huwezi kusema, basi leo kula. Kula kama mwanamume waone una afya. Siku moja haiui. Fanya kwa ajili ya Victor."

Aliiweka chupa yake ya maji pembeni. "Sawa, mwalimu," akasema.

Na akala. Mungu anisamehe. Alikata matonge makubwa kama ya zamani, akayameza mawili matatu bila kuyatafuna, akafuata mbasa, akasifu. Mama Ottilia alianza kutabasamu. Mzee Hamphrey akachangamka, akaagiza togwa iletwe, na togwa ya mama yule ilikuwa imekolea sukari. Joakim akapokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chote, juu ya chakula. Mimi nilikuwa nikifurahi. Nilikuwa nikimkonyeza Mzee Urbani kwamba mambo yamekuwa mazuri.

Hazikupita dakika kumi na tano. Kwanza jasho, paji lote la uso limelowa. Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Akasimama, akasema "Samahani wazee," akatoka, na tukamsikia nyuma ya jiko anatapika kwa sauti ya mtu anayepasuka. Nilimkuta amepiga magoti, ameshika ukuta. Moyo wake ulikuwa unapiga mpaka shati linatikisika. Mzee Hamphrey akaja mbio akiita pikipiki, mgonjwa apelekwe hospitali. Mama Ottilia alisimama mlangoni, mikono kichwani, na macho yake yalikuwa yakisema nilijua.

"Hapana pikipiki," Joakim akasema kwa shida. "Itapita. Nilazeni tu."

Wakamtandikia mkeka barazani, kwenye kivuli. Nilimpepea kwa khanga yangu na sikuthubutu kumtazama. Kulikuwa na upepo wa ziwa na kelele za watu wanaovuta mitumbwi ufukweni. Baada ya nusu saa hivi mwili ukatulia. Akaomba kukalishwa. Nikafungua mdomo ili niseme mimi, nibebe angalau hilo, naye akaniinulia mkono ninyamaze.

Akafungua vifungo vya shati.

"Mzee Hamphrey, mama, haya ni makovu matano," alisema. "Ya mwezi wa pili. Nilikuwa na kilo mia moja hamsini na moja. Nilikuwa sifungi viatu vyangu. Sukari ilikuwa inaniua kama ilivyomuua mdogo wangu. Madaktari wamenikata tumbo, limebaki dogo hivi. Nikila kwa pupa, au nikinywa kitamu, yanatokea haya mliyoyaona. Siku ile ya kwanza sikudharau chakula. Kilikuwa kitamu. Hapakuwa na nafasi."

"Kwa nini hukusema, mzee mwenzangu?" Hamphrey akauliza.

"Niliona aibu."

Mama Ottilia alikuwa amekaa chini sasa, kwenye ukingo wa mkeka. Yeye hakuwa mtu wa kuzunguka. "Hiyo sukari iliyomuua mdogo wako, ikakushika wewe. Na Victor je?"

Mzee Urbani alikohoa, akitafuta njia ya kulipitisha swali lile pembeni. Ilikuwa rahisi kusema kijana ni mzima, maana kweli ni mzima.

"Na Victor anaweza kuipata," Joakim akajibu. "Leo hana, kwa ninavyojua. Lakini damu ni hiyo hiyo, siwezi kuwapimia uongo. Ninachoweza kusema ni kwamba mimi na Placidi hatukujua mapema, na yeye atajua. Wiki hii nitampeleka apimwe. Cheti nitawaletea mwenyewe, kiwe kizuri au kibaya, ndipo mtujibu."

Hamphrey na mkewe walitazamana. Ni watu waliokaa pamoja miaka mingi, hawakuhitaji kwenda ndani kujadiliana. Mama Ottilia akatikisa kichwa kidogo, kukubali, na mumewe akageuka kwetu.

"Hatungoji cheti," alisema. "Tulikataa kwa sababu tulijua mnatuficha kitu. Barua ya mwanenu tumeikubali leo. Cheti mtakileta, ili huyu binti ajue atampikia nini mume wake."

Mzee Urbani alipiga makofi peke yake, akaona haya, akaacha. Joakim alishika mkono wa Hamphrey kwa mikono yake miwili na kuinamisha kichwa.

Kuelekea saa kumi na moja, Mama Ottilia alimwuliza anakula nini mtu wa namna yake. Shemeji akamweleza yote bila kuficha, samaki kwanza, kidogo kidogo, maji mbali, na kwamba anachelewa kumaliza. Mama akaingia jikoni akachemsha gege mmoja bila mafuta, akamchambua mwiba mmoja mmoja kwa vidole, akamletea kwenye kibakuli. Halafu akatuletea na sisi chakula chetu, wote tukakaa pale pale barazani.

Mimi nilimaliza kwa dakika nane, kama kawaida yangu, nikanyoosha mkono kuvuta maji ninawe na kuanza kukusanya vyombo. Mama Ottilia akalisogeza bakuli upande wake.

"Mwalimu, mkubwa wenu bado anakula," alisema kwa upole.

Nikarudisha mkono. Na Mzee Hamphrey, aliyekwisha kushiba, alimega ugali kipande kidogo kidogo, akawa anakizungusha tu mkononi ili asiwe amemaliza. Mkewe akafanya vivyo hivyo. Wakazungumza habari za usipa mwaka huu, habari za kahawa, wakimwuliza Joakim swali na kusubiri ameze ndipo ajibu. Dakika arobaini. Hakuna aliyesimama, hakuna aliyeangalia saa. Nilimtazama shemeji yangu, nikaona anakula huku mabega yameshuka, ametulia, wala midomo haihesabu.

Alipomaliza, akanawa, na wote wakanawa baada yake. Mama Ottilia akampa pole kwa yaliyompata mchana.

"Nimepoa, mama," alisema. "Asanteni kwa kunisubiri. Tangu nitoke hospitali sijawahi kumaliza kula na watu. Nyumbani nikiinua kichwa huwa wameshaondoka, nimebaki mimi na kisosi."

Aliyasema bila kumlaumu mtu, hata hakunigeukia. Mimi ndiye niliyekuwa nikiondoka. Miezi saba, kila Jumapili na kila sikukuu kwa dada, nilimtania, nikala, nikanyanyuka, nikaosha vyombo, nikamwacha mezani peke yake na ile hesabu yake ya kutafuna mara ishirini na tano, na kila mara nilidhani namsaidia kwa kumtolea vyombo mapema.